Shikamoo Iliyopelekwa Katesh

Ukitaka kumwona Ernestina wa Endasak akichoka, usimpe jembe. Jembe analiweza, na umri wake wa kupita sabini haumsumbui hata kidogo akiwa kwenye maharage yake. Mpitishe njia ya kanisani Jumapili asubuhi. Kila anayekutana naye anainamisha kichwa: shikamoo bibi, shikamoo mama, shikamoo Mama Gidion. Naye marahaba, marahaba, marahaba, mpaka anafika mlangoni mwa kanisa koo limekauka na bado hajaimba hata wimbo mmoja. Padri mwenyewe, kijana wa juzi juzi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, anamaliza kusema Tumsifu Yesu Kristo na hapo hapo anaongeza shikamoo. Sasa ukishaamkiwa mpaka na padri, wewe umebakiwa na nani wa kumwamkia?

Hilo ndilo lilikuwa swali la Ernestina. Watu walilicheka, lakini halikuwa swali la kipuuzi.

Alizaliwa upande wa Mbulu, juu kwenye baridi, kwa baba ambaye hakuwa na mchezo na salamu. Siku moja, akiwa msichana mdogo, alimpita mzee mmoja njiani bila kumwamkia kwa sababu alikuwa na mzigo wa kuni kichwani na mawazo yake yako kwingine. Habari zilifika nyumbani kabla yake. Baba yake hakumchapa. Alimwambia aubebe tena ule mzigo, arudi mpaka kule alikompita mzee, akutane naye upya kama vile siku haijaanza. Mzee wa watu naye ikabidi arudishwe njiani ili aamkiwe. Toka siku hiyo mdomo wa Ernestina haukungoja kichwa. Ukiona mvi, shikamoo imeshatoka.

Aliolewa Endasak akiwa bado binti, akazaa, akalima, akazika mume. Mume alipoondoka alibaki kaka mkubwa wa huyo mume, Bura, aliyeishi ng'ambo ya ua wa michongoma. Kila asubuhi Ernestina alisimama kwenye ua na kusema, "Shikamoo shemeji," na Bura alijibu kutoka kwenye kigoda chake, "Marahaba, binti wa watu." Mwanamke ana wajukuu wanaojua kuendesha pikipiki, bado anaitwa binti. Nani asingeipenda asubuhi ya namna hiyo?

Kipindi cha baridi kilichopita, Bura alifariki. Msibani watu wote walilia begani kwa Ernestina, maana sasa mkubwa alikuwa yeye. Akawapokea, akawatuliza, akaelekeza turubai lifungwe wapi na ng'ombe gani achinjwe. Yeye mwenyewe hakulia, kwa sababu hakuona bega lililomzidi umri. Watu walipotawanyika, asubuhi yake alikwenda kwenye ua kwa mazoea, akafungua mdomo, kigoda kitupu. Akarudi jikoni na shikamoo yake mdomoni.

Alikuwepo bado mzee Gidabuday, juu kidogo ya mto, lakini masikio yake yalikuwa yamestaafu. Ernestina alimpandia mpaka kwake, akamwambia shikamoo kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mzee akajibu, "Mbuzi wangu hawajapita huko." Alirudia mara nyingine, akaulizwa ni nani aliyewaona hao mbuzi. Kabla hajapata njia nyingine ya kumfikia, watoto wa Gidabuday walikuja wakamchukua kwenda kumtunzia kwao, huko Balangdalalu, na kitongoji kizima kikabaki kinamtazama Ernestina kama ndiye mlima wenyewe.

Ndipo alipomhamia Mzee Mkongojo.

Mzee Mkongojo ni mzee wa redioni. Katika mchezo wa kuigiza wa jioni yeye ana miaka zaidi ya tisini, hana jino hata moja, anakohoa kifua kizima, na mkwe wake anamficha mboga. Kila anapoingia husema kwanza, "Hamjambo, wanangu? Mmeamkaje?" hata kama kuku wameshalala, maana huko kwenye mchezo ni mzee wa kusinzia na kuamka. Ernestina, akimenya viazi, alikuwa anaitazama redio na kusema, "Shikamoo baba." Mzee akakohoa, akaendelea na mambo yake. Hakuitika hata siku moja.

"Hanisikii," Ernestina alisema. "Yuko mbali."

"Mwenzangu," alisema Efrazia, jirani yake, mwanamke mdogo kwake kwa miaka michache na mkubwa kwake kwa maneno, "unaiamkia betri."

Judica, mke wa Gidion, alicheka mpaka akaegemea mlango. Ernestina hakucheka. Alisema ikiwa huyo mzee yupo juu ya ardhi hii, shikamoo atampelekea mwenyewe, kwa mkono wake, na ataitika, na Efrazia atakuja kusikia. Alisema hivyo mbele ya jumuiya nzima, baada ya sala, kwa hiyo halikuwa neno la kurudisha nyuma.

Haukupita muda mrefu, siku ya mnada, gari la matangazo likapita Endasak likipiga kelele kwamba kikundi cha maigizo kinakuja Katesh, kwamba Mzee Mkongojo na nyumba yake yote watakuwa jukwaani mbele ya macho ya watu. Ernestina aliliacha fungu lake la vitunguu chini, akalifuata lile gari mpaka likazima spika, akahakikisha kwa dereva kwamba ni Mkongojo yule yule mwenye kikohozi.

Maandalizi yalimtoa Judica jasho. Mzee hana meno, kwa hiyo makande yalichemshwa tangu alfajiri na kupondwa kwenye kinu mpaka mahindi yakasahau kwamba yaliwahi kuwa mahindi. Yakaungwa kwa maziwa, yakatiwa kwenye hotpoti. Kwa ajili ya kifua ikatafutwa asali ya nyuki wadogo, ambayo haipatikani kirahisi, ikatiwa kwenye chupa.

"Mama," alisema Judica, akijifuta uso, "kile kikohozi ni cha maigizo tu."

"Kikohozi hakiigizwi. Mimi nimeuguza watu, nakijua. Kile kimefika kwenye mbavu."

Gidion alimbeba mama yake kwa pikipiki. Alikaa upande, hotpoti mapajani, kitambaa kipya kichwani, na kila waliyempita barabarani alimtambua na kupaza sauti, shikamoo! Ernestina aliitika, lakini pikipiki haikungoja, na marahaba ya mtu wa kwanza ilikuwa ikipokelewa na mbuzi wa mtu wa tatu. "Punguza mwendo, unanifanya nionekane sina adabu," alimfokea mwanawe. Gidion akapunguza, na kwa hiyo wakafika wameshaamkiwa na wilaya ya Hanang karibu yote.

Mlangoni mwa ukumbi Gidion alimshusha, akapata abiria wa kwenda Nangwa hapo hapo, akamwambia mama yake atamkuta onyesho likiisha. Ernestina akaingia ndani peke yake. Alikuwa amewahi mno. Mabenchi yalikuwa matupu, jukwaa lina kitanda kimoja na kiti kimoja, na juu ya spika amekaa kijana anatafuna hindi la kuchoma kwa meno ya kuogopesha.

Kijana aliruka akasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Mzee yupi, bibi?"

"Kwani hapa mna wazee wangapi? Mzee Mkongojo. Mwambie kuna mtu wake kutoka Endasak. Na asitoke nje kwenye upepo, mimi mwenyewe nitamfuata alipolala."

Wewe unayesoma umeshamjua kijana ni nani. Jina lake ni Yona, na alijua kwamba anapaswa kusema ukweli papo hapo. Tatizo ni kwamba hotpoti lilikuwa limeshafunguliwa, na toka kikundi kilipoondoka Babati tumbo lake halikuwa limepokea kitu zaidi ya lile hindi.

"Ni yake haya," alisema Ernestina akilivuta hotpoti upande wake. "Nimeyaponda. Si unajua hana meno."

Yona alimeza mate. Kabla hajapata neno, mwanamke mnene mwenye gauni la nyumbani alitokea nyuma ya pazia akisema, "Yona, hizo spika zitajifunga zenyewe?"

Ernestina aligeuka taratibu. Ile sauti aliijua. Angeijua hata usingizini.

"Ndiyo wewe," alisema. "Ndiyo wewe unayemlaza mzee wa watu njaa!"

Hilda, kiongozi wa kikundi, ndiye anayeigiza mkwe wa Mzee Mkongojo, na alishazoea. Sokoni huchaguliwa nyanya mbovu kwa kisasi. Akakunja mikono, akainama kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini siipokei yote."

"Mama, usiniue bure. Mzee mwenyewe si huyu hapa mbele yako?" Akamwonyesha Yona kwa kidole.

Ernestina alicheka. Alicheka kwa roho nzuri kabisa, akamwambia Yona kwamba ni kijana mzuri na asifundishwe uongo na mwanamke asiye na huruma kwa wazee. Yona akaona hakuna njia nyingine. Akafumba macho. Kifua kikaingia ndani, mabega yakashuka, shingo ikatangulia mbele, na kwenye mdomo ambao bado una ganda la hindi ikatoka ile sauti: "Hamjambo, wanangu? Mmeamkaje?" Na nyuma yake kikaja kikohozi, kizima, mpaka kwenye mbavu.

Mdomo wa Ernestina haukungoja macho.

"Shikamoo baba!"

Yona alifungua macho kama aliyemwagiwa maji. "Hapana bibi! Usiniamkie mimi! Mimi nimeshakuamkia!"

"Imeshatoka," alisema Ernestina. "Itika."

"Siwezi, bibi. Mimi ni mtoto wa Mbulu. Bibi yangu aliyenilea kule sasa hivi hasikii vizuri, lakini hiyo angeisikia. Angenitafuta na mwiko."

"Itika tu, mwanangu. Hapa hakuna mtu."

"Mungu yupo," alisema Yona, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akakosea.

Kumwamkia mtoto ni aibu. Mtoto akakataa kuitika, hiyo ni aibu ya pili, na zote mbili zilimkuta Ernestina katika muda wa kufumba na kufumbua, na kitambaa chake kipya kichwani. Alikaa kwenye benchi. Alifunika hotpoti. Hilda, ambaye alikuwa tayari kucheka, aliutazama uso wake akaghairi, akaja kukaa karibu naye.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuleta," alisema Ernestina. "Maisha yangu yote nimeamkia watu. Baba, mama, wakwe, shemeji. Sasa wameisha. Kila ninayemwona ananiambia mimi shikamoo. Ninakuwa kama mtu aliyefika mwisho wa foleni, nikitazama mbele simwoni mtu. Huyu mzee wenu nilidhani bado yupo mbele yangu."

Yona alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bibi, nisamehe," alisema.

"Huna kosa. Una adabu. Ndiyo shida yenyewe." Ernestina akapangusa pua kwa ncha ya kanga, akalisukuma hotpoti. "Haya, njoo ule. Meno unayo mpaka ya akiba."

Mzee wa miaka tisini akala makande yote, akafuta hotpoti kwa kidole. Ernestina alimtazama na hasira yake ikapungua nusu, maana hajawahi kumchukia mtu anayekula vizuri.

"Na kifua?" aliuliza, chupa ya asali mkononi.

"Cha kuigiza, bibi."

"Chukua hivyo hivyo. Kwa kula kwa haraka namna hiyo kesho utakuwa nacho cha kweli."

Alitaka kurudi nyumbani. Alimpigia Gidion simu, naye alikuwa bado na abiria wake Nangwa. Basi akahamia benchi la mwisho kabisa, akaugeukia ukuta, akaamua kwamba hatatazama kitu.

Ukumbi ukajaa. Wakaja walimu na wauguzi wamependeza, wakaja wakulima na matope yao miguuni, na katikati yao akaja Efrazia, ambaye alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hana muda wa mambo ya betri. Alijibanza karibu na Ernestina.

"Umeshamwamkia?"

"Bado."

"Umemwona lakini?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Ana meno," alisema Ernestina, akarudi kwenye ukuta wake.

Mchezo ukaanza. Hilda aliingia na sufuria ya mboga, akaificha chini ya kitanda, na ukumbi mzima ukamzomea kwa furaha. Kisha kikasikika kikohozi nyuma ya pazia, watu wakapiga makofi, na Mzee Mkongojo akaingia.

Ernestina alikuwa amekusudia kutotazama. Alijua kwamba zile ndevu ni pamba na gundi, na kwamba ndani ya lile koti kuukuu kuna mtoto wa watu aliyejaa makande yake. Akatupia jicho moja tu, la kupima. Lakini yule mzee alivuka jukwaa akiuonea huruma mguu wa kushoto, na alipofika kwenye kiti hakukaa kwanza. Alikipapasa kwa mgongo wa mkono, kama mtu asiyekiamini, ndipo akajishusha. Bura alikuwa anakaa hivyo hivyo. Ernestina akageuka mwili mzima.

Jukwaani watu wa nyumba ya Mkongojo walipita, huyu na ndoo, huyu na simu sikioni, wakimruka mzee kama gogo. Yeye akawafuata kwa macho mmoja mmoja. Mwisho akaugeukia ukumbi.

"Nyumba imejaa watu," alisema. "Toka asubuhi hakuna hata mmoja aliyeniambia shikamoo. Au nimeshakufa, hamjaniambia?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Ernestina alisimama.

"Kaa, mwenzangu!" Efrazia alimdaka kanga. "Ni maigizo!"

"Najua kwamba ni maigizo. Nimempikia mimi."

Akaivuta kanga yake, akashika njia ya katikati ya mabenchi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakampisha, wengine wakampigia makofi. Alipofika chini ya jukwaa alisimama, akakusanya mikono mbele, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na baba yake kule juu.

"Shikamoo baba."

Kicheko kilipanda, kikashuka, kikaisha.

Yona alimtambua. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso likateremka kuitafuta gundi, na upande mmoja wa ndevu ukaanza kuachia. Kumwitikia bibi wa watu marahaba, tena mbele ya watu wote hawa, tena pengine yumo aliyetoka Mbulu! Alimtazama Hilda. Hilda, sufuria mkononi, alimnong'oneza, "Itika."

Hakuitika. Sasa, watu wa Hanang wanaweza kuvumilia mengi. Wanavumilia baridi, wanavumilia tope, wanavumilia ibada ndefu. Lakini shikamoo iliyoachwa ikining'inia hewani hawawezi kuivumilia, inawawasha mwilini. Mama mmoja wa benchi la mbele hakuweza tena. "Mzee, umeamkiwa!" alisema kwa ukali. Mwingine akadakia. Mara ukumbi mzima ukawa unapiga kelele, walimu na wauguzi na watu wa matope, "Itika! Itika, mzee! Itika!"

Yona akamtazama tena yule bibi kizee aliyesimama mikono imekusanywa, hanyanyui macho, anangoja. Akaacha kumtazama Hilda. Mgongo wake ukazama zaidi, mkono ukatafuta mkongojo, na alipofungua mdomo Yona hakuwemo tena.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, binti yangu."

Watu walitaka kushangilia, Ernestina akainua mkono mmoja nyuma yake kuwazuia. Salamu haijaisha. Mtu akishakuitikia anakuuliza habari, na mzee alijua hilo.

"Umeamkaje?"

"Salama, baba."

"Watoto?"

"Wazima."

"Ng'ombe je?"

"Wanakamuliwa wawili. Mmoja ana mimba."

"Na mvua, huko kwenu mlimani?"

"Ilichelewa kidogo, baba, ila imekuja. Maharage yamepona."

"Vizuri. Vizuri sana. Nyumbani wote mpo?"

Ernestina aliisogeza kanga yake begani, akaisogeza tena.

"Hapana, baba," alisema. "Bura ametutoka. Kipindi cha baridi. Sikuwa na mtu wa kumpelekea hizo habari, ndiyo nimekuletea wewe."

Yona hakumjua Bura na katika mchezo wote hapakuwa na maneno hayo, lakini mzee aliyekaa kwenye kile kiti alitikisa kichwa taratibu, akavua kofia yake.

"Bura," alisema. "Pole, binti yangu. Pole sana. Umebeba peke yako. Njoo, kaa hapa karibu yangu, ulie kidogo."

Hilda alikuwa ameshaleta kigoda. Akamshika Ernestina mkono, akampandisha ngazi za jukwaa, akamkalisha miguuni mwa Mzee Mkongojo, na hapo, mbele ya Katesh nzima, Ernestina akaweka uso kwenye kanga na kumlilia shemeji yake. Alilia vizuri, bila haraka, na mkono wa mzee uko begani kwake. Wauguzi walilia, na mwalimu mmoja mwanamume alijisingizia mafua.

Kisha akapenga pua, akasimama, akanyoosha kitambaa chake. "Ahsante, baba. Endeleeni na kazi." Alipokuwa anashuka alimgeukia Hilda. "Na wewe, chini ya kitanda kuna mboga. Mpe mzee ale."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka stendi. Mchezo uliendelea, lakini Hilda alilazimika kuitoa ile sufuria mapema kuliko ilivyopangwa, maana watu walikataa kusikia neno lingine mpaka mzee amekula.

Onyesho lilipoisha, Ernestina alikuwa nje akitafuta sauti ya pikipiki ya mwanawe. Efrazia alisimama pembeni yake, akimtengenezea ile kanga aliyoidaka. Yona alitoka mbio, nusu ya ndevu ikimpepea kwenye shavu. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo tena. Ile ya jukwaani nisamehe. Naomba niirudishe."

"Marahaba, mwanangu," alisema Ernestina. "Hii yako nimeipokea. Ile hairudi."

"Lakini bibi, mimi nimekuitikia. Mimi mjukuu wako!"

"Wewe?" Alimtazama kama anayejaribu kukumbuka. "Wewe hata hukuwepo. Inuka, kanawe uso, hiyo gundi itakuharibu ngozi."

Gidion alifika anacheka. Alikuwa ameshasimuliwa yote na vijana wa bodaboda, na njia nzima alikuwa ameyaandaa maneno yake. "Mama! Kumbe huyo mzee wako ni kijana tu, hata mimi namzidi!"

"Kijana nimemwona," alisema Ernestina, akimpa hotpoti tupu alifunge nyuma. "Ana adabu, kwao wamemlea. Na mzee nimemwona."

"Akaitika?"

"Kaitika. Nimempa habari za baba yako mkubwa."

Gidion aliacha kucheka. Alimshika mama yake mkono, akampandisha kwenye pikipiki, akawasha.